Mkono wa Akiba

Nyumbani kwetu mkono wa kushoto ulikuwa na kazi mbili, na zote mbili hazitajwi watu wakiwa wanakula. Zaidi ya hapo ulikuwa abiria. Uliandamana na mwili shambani, kanisani na msibani, lakini hakuna aliyeutuma kitu.

Mimi nilizaliwa mashoto, kwenye mteremko wa Meru, kati ya migomba na kahawa, katika nyumba ya mzee wa kanisa. Baba alikuwa mtu wa kanuni chache, na zote alizishika kwa nguvu. Mojawapo ilikuwa kwamba mtu hatoi wala hapokei kitu kwa mkono wa kushoto. Nikiupeleka kwenye kijiko, kijiko kiliondolewa. Nikimpa shangazi chai kwa mkono huo, shangazi hakupokea. Alikaa tu akikitazama kikombe, chai ikipoa, mpaka mtu mwingine akatuokoa sote wawili na aibu ile. "Samaki mkunje angali mbichi," baba alisema, na mimi nikakunjwa. Nilijifunza kula, kusalimia na kuandika kwa mkono wa kulia. Mpaka leo mwandiko wangu unaonekana kama umeandikwa juu ya pikipiki.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Ngedere waliposhuka kutoka msituni kuja kwenye mahindi yetu, kazi ya kuwafukuza ilikuwa yangu, na jiwe la mkono wa kulia lilikwenda lilikotaka lenyewe. La kushoto lilikwenda nilikotaka mimi. Baba alisimama shambani akafikiri kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu. Ngedere si mtu, hasalimiwi, wala hana haki ya kudai heshima. Kwa ngedere, kushoto kukaruhusiwa. Lakini kila niliporusha jiwe baba aligeuza uso, kama mtu aliyewakuta wenzake wanaoga.

Nilipokuwa sekondari alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, amebeba begi refu jeusi. Tulidhani ni bunduki. Kumbe ndani mlikuwa na marungu, glavu za ngozi na mipira midogo migumu. Asubuhi alitufundisha hesabu, jioni akatufundisha besiboli. Kwa asiyeujua mchezo huo: mrushaji anasimama juu ya tuta, na mpigaji anasimama mbele yake na rungu, wa kulia upande mmoja, wa mashoto upande wa pili. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga. Akiupiga mbali, anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia, na kurudi huko ndiyo bao. Akikosa mara tatu, anakwenda kukaa. Mengine yote ni ugomvi na mwamuzi.

Siku moja kunguru aliniibia andazi mbele ya darasa, nami nikamrushia kokoto bila kufikiri. Mwalimu aliona. Akaja mbio na chaki yake, akaushika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akauinamia na kuutikisa. Wenzangu walicheka mpaka wakalala juu ya madawati. Mimi niliona haya, kana kwamba mtu amekuja kuusalimia mguu wangu. Lakini usiku ule kitandani nilikuwa bado naufikiria, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuusalimia.

Mwalimu yule alitueleza, kwa Kiswahili chake cha kuchongachonga, kwamba mrushaji wa mashoto ni dhahabu. Mpira wake unapinda na kumkimbia mpigaji wa mashoto. Kwa hiyo timu yenye akili humweka mrushaji huyo pembeni, na siku mpigaji wa mashoto anaposimama, ndipo wanamtoa. Akaitisha semina ya walimu wa michezo wa mjini Arusha na vijiji vya jirani, akawachorea jambo hilo ubaoni, wakaliandika wote. Kisha mkataba wake ukaisha. Tukamvisha shuka, tukapiga picha, akarudi kwao. Alituachia marungu yale na mafundisho yale, na marungu ndiyo yaliyotangulia kuvunjika.

Tatizo ni kwamba alikuwa mgeni. Hakujua kwamba kote huku, kuanzia mjini mpaka mashamba ya juu kabisa, kila mtoto aliyezaliwa mashoto alikuwa na baba kama wangu, au bibi aliye mkali zaidi. Hakukuwa na mpigaji wa mashoto. Wote walikuwa wamekunjwa kabla ya kuota meno ya pili. Nilikuwa dawa ya ugonjwa ambao bibi zetu walishaumaliza.

Mtu mwenye akili timamu angesema: basi mwacheni awarushie hawa hawa wa kulia. Nilisema hivyo mimi mwenyewe, kwa kila kocha niliyewahi kuwa chini yake, na wote walihudhuria semina ile. Jibu lilikuwa moja. "Wewe ni akiba," waliniambia. "Na akiba haiozi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi yangu ya besiboli, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya benchi.

Siku za kazi nilikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Mteja akiwepo nilipaka kwa mkono wa kulia, mteja akiondoka nilipaka kwa wa kushoto, na kazi iliisha mapema. Mwisho wa wiki nilikuwa nyota. Timu ya kwanza kunichukua ilikuwa ya mtaa wa Levolosi. Nahodha wao alikuwa muuza mitumba, mtu wa watu, na nyumba yao ilikuwa na pilau ambayo hata sasa nikiikumbuka nanyamaza kidogo. Walifanya mazoezi kwenye uwanja mdogo wa shule uliobanwa na nyumba pande zote. Mpira ukiangukia uani kwa watu, huwezi kuingia tu na kuuchukua. Unapiga hodi. Unawaamkia wazee, unaulizwa habari za nyumbani, unakaribishwa ukae, unakataa, unakaribishwa tena, unakaa. Ukirudi na mpira, adhana ya magharibi inakwisha na mwamuzi ameshakwenda zake. Tulikuwa timu yenye adabu kuliko zote na tulimaliza mechi chache sana.

Levolosi walinisajili kwa sababu walisikia wenzao wa mtaa wa Sakina wana mpigaji wa mashoto wanayemficha. Mwaka uliofuata Sakina wakanichukua, kwa sababu walisikia kwamba Levolosi ndio wanaye. Nikawaambia Sakina: mimi nimetoka huko, hakuna mtu wa namna hiyo. Wakatazamana. "Umeona?" mmoja akasema. "Wamemficha hata yeye." Kisha watu wa Kwa Mrombo wakanichukua kutoka Sakina, na wao hawakuwa na sababu yoyote ila kuzuia wengine wasiwe nami. Kila mara kulikuwa na hafla ya usajili kama ya mpira wa miguu: jezi mpya, picha na kocha, soda, kupeana mikono. Mkono wa kulia, bila shaka.

Kwa Mrombo tulicheza karibu na soko. Siku za soko mipira iliangukia kwenye mafungu ya nyanya, na mama wa nyanya hakuirudisha mpaka aone umenunua fungu lililopondeka. Mimi, kwa kuwa sikuwa na shughuli nyingine uwanjani, ndiye niliyetumwa. Nilirudi nyumbani kila wiki na nyanya za kutosha mchuzi wa harusi.

Habari zangu zilimfikia baba kwa njia ya kanisa. Baada ya ibada mtu alimpongeza kwamba mwanawe anagombaniwa na timu za mjini kwa ajili ya mkono wa kushoto. Baba mwingine angefurahi. Wangu alirudi nyumbani, akavua koti, akalitundika, akaniita.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Huo huo?"

"Huo huo."

Akautazama. Mama alikuwa jikoni, nikasikia mwiko wake umesimama.

"Nimeukatalia kikombe," baba akasema. "Nimeukatalia kalamu. Leo watu wazima wanaufuata na jezi." Kisha akasema neno ambalo nimeishi nalo tangu siku ile. "Basi nitakuja niuone ukifanya kazi. Nikiona ni kazi ya maana, mbele za watu, sitausema tena mkono huo mpaka naingia kaburini."

Nililitaka jambo hilo kuliko kitu chochote. Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu zangu na chumba changu cha kupanga, lakini nikifika mezani kwa baba niliukalia mkono wa kushoto kama mtoto. Nilikuwa nimechoka kuukalia. Nilitaka auone mara moja tu.

Akaja. Alishuka mlimani kwa bodaboda, amekumbatia kigoda chake cha miguu mitatu, kofia imefungwa kwa kamba ya kandambili isipeperuke. Akakaa kwenye kigoda. Mimi nikakaa kwenye benchi. Mechi ikachezwa, ikaisha.

"Mbona hukuinuka pale?" akaniuliza.

"Mimi ni akiba, baba. Nasubiri mpigaji wa mashoto."

"Kwa hiyo kazi yako ni kukaa."

"Ni kusubiri."

"Hata kuku anayeatamia anakaa," baba akasema. "Lakini mwishowe kuna kifaranga."

Aliendelea kuja, mechi baada ya mechi, timu baada ya timu. Wanakijiji wakimuuliza mwanawe anafanya nini mjini alijibu kwa utulivu kwamba ameajiriwa kukaa. Mama naye alikuja mara kwa mara. Yeye hakukaa. Alisimama pembeni akawahoji wachezaji mpaka akaujua mchezo kuliko mwamuzi, na alimwambia mwamuzi hivyo hivyo. Baba hakuuliza chochote kuhusu sheria. Hakuja kwa ajili ya mchezo, alikuja kwa ajili ya mkono.

Kisha goti lake likaanza kumkatalia. Kila alipopanda pikipiki alihitaji watu wawili wa kumwinua, na mmoja wa kumkemea asiwakemee wale wawili. Tulipopangiwa kucheza na Olmotonyi, kwenye uwanja wao kule juu, aliniambia kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. "Sijakasirika," akasema. "Ila Mungu amenipa magoti mawili, na moja nimelimalizia kwako." Nilicheka kwa kuwa alitaka nicheke. Lakini nilitoka nje nikasimama nyuma ya zizi la ng'ombe, na nilikuwa na uchungu kweli.

Siku hiyo baba alikuja na wazee wenzake wawili wa kanisa. Hawakujua lolote kuhusu besiboli. Waliona tu kwamba si vizuri mtu aende peke yake kwenye jambo la mwisho. Mama alibaki na ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, na akaniagiza nimpigie simu kila zamu ya kupiga inapokwisha.

Olmotonyi walikuwa na vijana wengi waliosomea misitu, warefu, wenye mikono ya kushika shoka. Hata hivyo tulicheza vizuri. Ikafika zamu yao ya mwisho tunaongoza kwa bao moja. Wao walikuwa na mtu mmoja aliyesimama kwenye kituo, na wapigaji wao wawili walishatolewa. Tukimtoa mmoja zaidi, tumeshinda. Ndipo mlima ukatuma mvua yake, ile nyembamba ya baridi, mwamuzi akasimamisha mchezo, wote tukakimbilia chini ya mabati.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono juu ya fimbo.

"Imebaki nini?" akaniuliza.

"Mtu mmoja tu, baba. Halafu basi."

"Na wewe?"

"Huyo anayekuja ni wa kulia. Wote ni wa kulia."

"Huyo wa mashoto anapatikanaje?"

"Lazima wao wamlete."

Akafikiri. "Mmewaomba?"

Nina hakika swali hilo halijawahi kuulizwa tangu besiboli ianze kuchezwa duniani.

"Baba, hao ni wapinzani."

"Hata wakwe ni wapinzani," akasema, "mpaka waombwe."

Akainuka. Wenzake wakainuka bila kuuliza, kwa sababu jambo la kwenda kuomba kitu kwa watu wanalifahamu vizuri. Wakafunga vifungo vya makoti. Wakachagua msemaji, kwa kuwa mwenye shida hajisemei. Kisha wakatoka mvuani, mmoja nyuma ya mwenzake, na fimbo zao, wakavuka uwanja polepole kwa ajili ya goti.

"Chalii yangu," kocha akaniuliza, "hawa wazee wanakwenda wapi?"

"Kuposa," nikamjibu.

Nahodha wa Olmotonyi aliwaona, akatupa muwa aliokuwa anatafuna. "Shikamooni wazee." Wakaitikia marahaba, wakasimama. Wakaendelea kusimama mpaka vijana wakaelewa na kuwatafutia viti. Nahodha alikuwa kijana mwenye adabu zake. Aliona hili si jambo la umri wake, akamwita mtu mzima kuliko wote upande wao, ambaye alikuwa mzee wa kufyeka majani ya uwanja. Mzee huyo akaacha panga, akafuta mikono kwenye suruali, akakaa mbele ya wageni kana kwamba alikuwa anawangoja tangu asubuhi. Nilijisogeza karibu nisikie.

Wakaanza na mvua. Wakaenda kwenye bei ya kahawa, kisha ng'ombe, kisha mtu fulani wa ukoo fulani aliyehamia Monduli. Mwamuzi alitazama saa. Hatimaye msemaji wetu akakohoa.

"Tulikuwa tunapita," akasema, "tukaona katika boma hili kuna kijana. Hatukuja kumchukua. Tunaomba tu asimame upande wa pili."

Mzee wa kufyeka akatikisa kichwa taratibu. "Vijana tunao. Lakini upande huo hatujawahi kuutoa kwa mtu."

Hilo lilikuwa jibu zuri sana. Kitu kinachotolewa mara ya kwanza kinapoombwa ni kitu kisichopendwa. Wazee wetu waliridhika, wakaomba tena. Wa upande wao wakaomba ruhusa wakateta pembeni, nahodha akichora kitu hewani kwa vidole. Wakarudi, wakauliza boma litafarijiwa na nini. Baba akavunja utaratibu akasema mwenyewe: mkungu wa ndizi. Msemaji akamgusa kwa kiwiko. Mzee wa kufyeka akasema boma lao lina watu wengi wenye njaa. Ikawa mikungu miwili, wakashikana mikono, mmoja wa wazee akavua kofia akaomba sala fupi.

Wakamleta kijana mkubwa, mpole, ambaye zamu ya kupiga ilikuwa yake. Tangu mechi ianze alikuwa amepiga hewa tupu. Nahodha wao alijua anachofanya: aliona hapotezi kitu, na ndizi anapata. Mwamuzi aliulizwa, akapekua kichwa chake, akasema hakuna sheria inayomkataza mtu kusimama upande anaotaka.

Mvua ikakatika. Kijana akapiga hatua, akavuka kituo, akasimama upande wa mashoto na rungu lake. Kocha wangu aliona jambo ambalo alifundishwa kwenye semina na hakuwahi kuliona kwa macho. Akainuka taratibu.

"Akiba," akaniambia. "Njoo."

Nilikwenda kwenye tuta. Niligeuka nikamwona baba. Alikuwa amesimama, amekiacha kigoda, na safari hii hakugeuza uso. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Kisha nikamtazama mpigaji, nikaona jambo ambalo halikunipendeza. Alikuwa anasogezasogeza miguu, anashika rungu upya, na mabega yake yalikuwa yameshuka, kama ya mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vinambana. Akatabasamu, peke yake.

Nilirusha. Nimerusha mawe na mipira maisha yangu yote, na sijawahi kurusha kitu kizuri kuliko kile. Mpira ulitoka mkononi safi, ukaenda, ukaanza kupinda kumkimbia kama tulivyofundishwa.

Yule kijana aliupiga ule mpira na mlio wake ukarudi kutoka mlimani. Ulipita juu ya vichwa, juu ya uzio, juu ya barabara na mwendesha bodaboda aliyesimama kuutazama, ukaingia kwenye miti ng'ambo, na mpaka leo haujaonekana. Mwenzake aliyekuwa kituoni akakimbia akarudi, naye akazunguka vituo vyote huku anacheka kwa sauti. Tulikuwa tumeshindwa. Wenzangu wa Kwa Mrombo walilala chini kwenye matope mmoja mmoja. Kocha alikaa kwenye benchi, pale pale pangu.

Kijana alinijia kwenye tuta, machozi yanamtoka. "Kaka," akasema, "bibi yangu alinifunga huu mkono kwa kitambaa nikiwa mdogo. Sikujua kama bado upo." Akanipa mkono, wa kushoto. Nikaupokea kwa wa kushoto. Tukatikisa, na wote wawili tukatazama huku na huku kama wezi, kuangalia kama kuna mzee anatuona.

Mzee alikuwepo. Baba alikuwa anakuja uwanjani, goti na fimbo, na alikuwa anapiga kelele. Nilijiandaa. Sikumwelewa mpaka alipofika karibu.

"Umeuona?" alikuwa anasema. "Umeuona ulivyokwenda? Umevuka barabara! Mwanangu, umeurusha ukavuka barabara!"

Wenzake wawili walikuwa nyuma yake, wanatikisa vichwa kwa mshangao. Mmoja alinieleza kwamba enzi za ujana wake kulikuwa na mtu aliyerusha mkuki mbali, lakini si mbali kama hivi.

Nilitaka kumwambia kwamba rungu ndilo lililouvusha. Baba alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, hata siku ya harusi ya dada yangu. Vijana wa Kwa Mrombo walikuwa wanatutazama kutoka matopeni. Kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshaondolewa kwenye kundi la timu kwenye simu.

Wiki ile baba alisimulia kijiji kizima. Jumatatu mpira ulivuka barabara. Kufikia Jumatano ulikuwa umevuka na mto. Mimi nilikuwa na homa ya aibu, nikamfuata mama zizini, nikamweleza kwamba lazima nimwambie baba ukweli. Mama aliujua mchezo, alijua kila kitu, na nilikuwa nimempigia simu kama alivyoagiza. Alikuwa anakamua, hakugeuka.

"Nani aliurusha?" akauliza.

"Mimi."

"Ulifika wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Lakini mama…"

"Basi uongo uko wapi?" Akaendelea kukamua. "Kachukue ndoo nyingine."

Jumapili baba alikwenda mbele na jogoo wa sadaka ya shukrani, jogoo mkubwa mweupe asiyekubali kushikwa. Mchungaji alimpa kipaza sauti, akakishika kwa mkono mmoja na jogoo kwa mwingine. "Bwana asifiwe," akasema. Tukaitikia amina. Akasema amekuja kushukuru kwa ajili ya goti, ambalo limefika lilikotakiwa kufika, na kwa ajili ya mwanawe, ambaye amefanya kazi mbele za watu na yeye mwenyewe ameiona. Akaeleza uwanja, mvua na barabara. Mto hakuutaja, kwa heshima ya madhabahu. Kina mama wakapiga vigelegele. Kisha akanitafuta kwa macho kwenye viti vya nyuma, akaniambia nisimame, kanisa liuone huo mkono.

Nilisimama. Mbele ya mchungaji, wazee na shangazi zangu wote, niliinua mkono kwa adabu yote niliyofundishwa, nikaunyoosha juu wazi. Ulikuwa wa kulia.

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na jogoo alikuwa ametulia.

"Siyo huo," baba akasema.

Nikaushusha, nikainua wa kushoto.